Nani Amekaa?

Gari lilinyooka siku ya Jumanne, saa kumi jioni, uani kwa fundi pale Mwanga, hapa Kigoma. Nilirudi nyuma hatua kumi, nikachuchumaa, nikalikazia macho kwa mbele kama mwashi anayekagua kozi ya matofali. Madigadi ya kulia na ya kushoto, usawa mmoja. Nikapiga picha, nikamtumia baba Ujiji.

Jibu lilikuja baada ya nusu saa. Maneno mawili.

"Nani amekaa?"

Nikadhani simu imemchanganya mzee wa watu. Nikaiweka mfukoni, nikamlipa fundi, nikaondoka na furaha yangu.

Ni wiki ya saba sasa, na yale maneno mawili bado yananiamsha usiku. Naandika, labda yatatoka.

## Mgonjwa mwenyewe

Mkazi wa hapa anayepita barabara ya Ujiji atakuwa ameliona. Landrova 109 (ile ndefu), pikapu, Series III (toleo la tatu), tairi la spea juu ya boneti, rangi ya kijani ambayo jua limeichuja hadi ikawa kitu kati ya kijani na majivu. Series III zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Kadi ya hili la kwetu inasema 1979. Baba alilinunua kwa misheni moja, akabebea chumvi ya Uvinza miaka na miaka. Mpaka leo sokoni naitwa mtoto wa Mzee Chumvi, na mimi sijawahi kuuza hata kijiko.

Bodi ya Landrova ni aluminiamu, kutu haiiwezi. Chesisi, ile fremu ya chini, ni chuma. Sasa piga picha magunia ya chumvi yanayolowa kila masika, na maji yake yakitafuta njia ya kushuka. Kwa juu gari hili ni kijana, ukiingia uvunguni unakutana na babu.

Mwaka jana usukani ulianza utovu wa adabu. Ukifika spidi hamsini unaushika kama kamba ya mbuzi mkaidi. Ukigonga shimo, gari linaamua lenyewe liende wapi. Nikalipeleka Mwanga. Fundi akaingiza mtaimbo kati ya springi na chesisi, akausukuma kwa mkono mmoja tu. Jicho la springi, ile pete ya ncha yake, likacheza kwenye bolti yake kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Binti, hapa hakuna bushi," akasema, yaani ule mpira unaokaa kati ya jicho na bolti. "Kuna kumbukumbu ya bushi."

Kulikuwa na jambo jingine, dogo, ambalo fundi hakulitaja. Mimi ndiye niliyelitaja. Jirani yangu alikuwa ameniambia, "Dada, gari lako limelala kushoto." Nikatazama, kweli. Likiwa limeegeshwa nyumbani, tupu, upande wa kulia ulikuwa juu kidogo, kama kidole kimoja. Nimekua nikiliona hivyo na sijawahi kuliona.

Nikaliandika kwenye orodha ya magonjwa.

## Pea moja

Fundi alikuwa na dawa yake, na ilikuwa ya bei rahisi. Springi za mbele za gari letu ni mabapa kumi na moja yaliyolaliana, refu juu, fupi chini. Upande wa kushoto mabapa mawili yalikuwa yamekatika. Akasema tutafute mawili ya kuziba, mengine tuyakunje upya yapate upinde, tuweke bushi mpya, basi. "Chuma hiki ni cha zamani, usikidharau."

Mimi nilikuwa nimedunduliza mwaka mzima. Mtu aliyedunduliza mwaka mzima hataki kuambiwa habari ya kuziba.

Kwanza nilichanganyikiwa na springi za paraboli. Ni mabapa machache, manene katikati na membamba kuelekea ncha, hayasuguani urefu wote kama ya kawaida, kwa hiyo gari linakuwa laini. Nilitazama video za Waingereza wakivuka vijito vyao vya maji masafi, wanacheka. Nilikaribia kabisa kuagiza. Kilichonizuia ni kujiuliza: likikatika bapa nikiwa njia ya Kibondo mwezi wa nne, nani ana la akiba? Kwenye springi ya kawaida, moja likikatika kati ya kumi na moja, yaliyobaki yatanifikisha nyumbani, na fundi yeyote mwenye nyundo atanipatia la kufanana.

Nikampigia muuza spea Dar.

"Nataka springi za mbele za 109. Mpya. Pea moja."

"Pea moja, dada."

Zikasafiri zaidi ya kilomita 1,200, zikashuka Kigoma zimefungwa kwa waya, nyeusi, zinanukia rangi. Fundi akazitazama zilivyolala chini, akazizunguka.

"Umezipima?"

"Ni mpya, mzee."

Hakusema kitu. Alichukua kikombe chake cha chai akaenda kukaa kivulini. Hapo ndipo ningesimama, kama ningekuwa na akili. Fundi mwenye umri wa baba yako hakuulizi swali kwa sababu anapenda kuongea.

## Mpira au plastiki

Bushi nazo zilinipa mtihani. Siku hizi kuna za plastiki ngumu, zinakuja vipande viwili, unazisukuma kwa mkono, hazihitaji presi wala matusi. Wengi wananisifia hizo. Tatizo ni kwamba bushi ya plastiki inafanya kazi kwa kuzunguka juu ya chuma, kwa hiyo inataka grisi, na grisi inaita vumbi, na vumbi letu mnalijua. Baada ya miezi gari linalia kama kitanda cha gesti.

Bushi ya asili ni mpira uliogandishwa kati ya mabomba mawili ya chuma, moja ndani, moja nje. Bomba la nje linabanwa kwenye jicho la springi, la ndani linabanwa na bolti. Hakuna kinachozunguka. Springi ikipanda na kushuka, mpira wenyewe ndio unaojinyonga na kurudi. Hautaki grisi wala hauli vumbi.

Nikachukua mpira. Presi hatuna, fundi alizivuta kwa bolti ndefu, kipande cha bomba na washa nene, anakaza nati huku bushi inaingia taratibu kama droo iliyovimba. Ile ilikuwa nzuri kutazama.

## Bolti sita, siku mbili

Kabla ya kuingiza ilibidi kutoa, na hapa ndipo hela iliponitoka kwa mara ya kwanza.

Kila springi ina bolti moja mbele na mbili nyuma kwenye shako, vile vipande viwili vya chuma vinavyoiacha springi irefuke inapobonyea. Jumla sita. Zote sita zilikuwa zimeshikana na bomba la ndani la bushi, kutu imeziunganisha zikawa chuma kimoja. Tulipiga nyundo, tukamwaga mafuta ya taa tukaacha zilale, tukapiga tena. Mwishowe kijana wa fundi alilala chali siku mbili anakata kwa msumeno wa mkono, unga wa chuma unamwangukia machoni. Nilihesabu bledi kumi na nne.

Aliyezifunga mara ya mwisho alizifunga kavu. Sijui ni nani. Fundi alimsema kwa jina la wote: "Huyu alifunga kwa ajili yake peke yake."

Sisi watu wa Kigoma hatukupaswa kuwa wageni kwenye habari hii. Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, wakati inaitwa Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 isiwafikie maadui. Lakini kabla ya kuizamisha mainjinia waliipaka injini grisi. Ikaibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Watu wanazamisha meli yao, vita vinawafukuza, na bado wanamfikiria atakayekuja kufungua nati.

Fundi alizipaka bolti mpya grisi mwili mzima. Yubolti za zamani, zinazobana ekseli na springi, alizitupa bila mjadala. Zikishakazwa mara moja zinakuwa zimevutika, haziaminiki tena. Shokapu tulibadili pia. Za shokapu hazina hadithi.

## "Mzee, tushushe kwanza"

Siku ya kufunga, gari lilikuwa juu ya magogo, magurudumu yananing'inia, springi zimejikunja kwa raha zao. Fundi akashika spana ndefu aanze kukaza bolti za shako.

Nilikuwa nimesoma usiku kwenye kitabu cha baba cha ukarabati, kile chenye alama za vidole vya oili kila ukurasa. Kinasema bolti hizo zikazwe mwishoni, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukifikiria ule mpira unaona kwa nini: ukikaza springi ikiwa inaning'inia, umeuambia mpira kwamba hapo ndipo nyumbani. Ukilishusha gari, mpira unajinyonga hata kabla hujasafiri, na unakaa umenyongwa hivyo hivyo usiku na mchana mpaka unachanika.

Najua kusoma. Lakini yule mzee ameanza kushika spana mimi sijazaliwa.

Nikasimama pale na maneno mdomoni. Vijana wake watatu wanatazama. Kumkosoa mzee mbele ya wanafunzi wake si jambo la kufanya halafu ukarudi kesho kuomba huduma. Nikazunguka upande wa pili wa gari, nikainama karibu naye.

"Mzee, samahani. Naomba unifundishe kitu. Tukikazia juu hivi, mpira si utakuwa umejinyonga tukishusha?"

Aliacha spana. Akaingia uvunguni, akashika shako kwa mkono, akaipeleka mbele na nyuma. Muda ukapita. Nilisikia pikipiki tatu zikipita barabarani.

"Enyi vijana," akasema kutoka kule chini, "teremsheni gari."

Hakuniambia niko sahihi. Jioni, wakati tunagawana mihogo ya kuchoma, alisema tu kwamba bushi za Landrova za siku hizi hazidumu, miezi minane, kumi, na siku zote alikuwa anawalaumu Wachina. Halafu akanyamaza, na nikaona anahesabu kitu kichwani. Sikutamani kujua ni magari mangapi.

## Mizani ya migebuka

Hili ni dogo lakini sitaki kuliacha.

Kwenye ncha za ekseli ya mbele kuna zile tufe zinazong'aa ambazo gurudumu linageukia. Zetu zimetobokatoboka kwa kutu na zinavuja oili. Bei ya mpya ilinitoa jasho, nikaziahirisha. Tulibadili pini, bushi ya juu na beringi ya chini, na ndani tukajaza grisi nzito badala ya oili. Ugumu wa kugeuka unarekebishwa kwa vikaratasi vya chuma chini ya pini ya juu: ukipunguza, unakaza. Kitabu kinataka uvute mkono wa usukani kwa mizani, sili kubwa ya kuzuia oili ikiwa haijafungwa, na mizani isome kati ya paundi 14 na 16. Ni kama kilo sita na theluthi hadi saba na robo.

Gereji nzima haina mizani. Nikapanda bodaboda hadi Kibirizi, nikamwangukia mama mmoja muuza migebuka aniazime ile yake ya kuning'iniza. Akaniuliza samaki wenyewe wako wapi. Nikamwambia nakwenda kupima usukani. Akanitazama kwa huruma, akanipa.

Mvuto wa kwanza: kilo nne. Tukatoa kikaratasi kimoja. Kilo sita. Tukatoa kingine chembamba. Saba. Fundi akacheka mpaka akashika kiuno, kwa sababu uani kote kulinukia samaki na usukani umekaa pale pale kitabu kilipotaka.

Niliirudisha mizani na nusu kilo ya sukari.

## Tangi limejaa

Kwa hiyo Jumanne ile nilikuwa na haki ya kufurahi. Usukani umetulia. Gari limenyooka. Nikapitia kituo cha mafuta nikajaza tangi, kitu ambacho sijakifanya kwa mwezi mzima kwa kuwa gari lilikuwa gereji.

Asubuhi yake nilisimama mbele ya duka lenye kioo kikubwa, nikajiona nikiwa ndani. Gari limelala kulia.

Limelala upande wangu.

Nikajishika tumbo. Hapana, sijanenepa kiasi hicho. Nikashuka: likapanda kidogo. Nikarudi: likashuka. Nilikwenda Ujiji moja kwa moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nani alikuwa amekaa kwenye ile picha?"

"Hakuna mtu."

"Na tangi?"

"Lilikuwa tupu."

"Basi ulinitumia picha ya gari ambalo haliendi popote."

Akaniagiza nilete kitabu. Akafunua ukurasa wa springi bila kutafuta, kwa ukubwa wa doa la oili. Springi za mbele zina namba mbili: moja ya upande wa dereva, nyingine ya upande wa abiria. Ya dereva ina upinde zaidi. Upande wa kulia kuna dereva, tangi la mafuta liko chini ya kiti hicho hicho, na usukani uko huko huko. Waliolisanifu walijua gari hili litatembea mara nyingi na mtu mmoja, na wakaliinua upande wake mapema. Ndiyo maana likiwa tupu linaonekana limelala kushoto.

Ule ugonjwa niliouandika kwenye orodha ulikuwa ni afya yake. Nilikwenda kwa mganga kutibu kimo changu.

Nilimpigia muuza spea. "Dada, springi ni springi," akasema. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikumbuka maneno yangu mwenyewe: pea moja. Na hata viatu, ukisema pea, hakuna anayekupa vya kulia vyote viwili. Yeye hakujua. Mimi nilikuwa na kitabu ndani ya nyumba, nilikisoma kurasa za bushi nikajiona mhandisi, nikaacha kufunua kurasa mbili nyuma. Na mzee aliuliza, umezipima?

## Kwa mhunzi

Swali likawa springi za zamani ziko wapi.

Nilikuwa nimeziuza. Kwa kilo. Kijana wa vyuma chakavu alinisaidia hata kuzipakia.

Ilinichukua wiki mbili kufuata njia yake, mpaka kwa mhunzi mmoja nje kidogo ya Mwandiga. Springi ya gari ni chuma kinachopendwa na wahunzi kuliko vyote. Panga lake halijikunji, jembe lake linashika makali. Nilikuta ya kushoto imesimamishwa ukutani, nzima, na mabapa yake mawili yaliyokatika. Ya kulia, ile ya dereva, ndiyo aliyoanza nayo kwa sababu haikuwa na mkatiko. Yamebaki mabapa manne. Mengine yalikuwa yamepangwa chini, majembe sita na visu, bado vyeusi vya moto.

Nilinunua yale mabapa manne. Nilinunua na jembe moja, sijui kwa nini. Lipo nyuma ya mlango halina mpini.

Fundi alipoyaona hakunikumbusha swali lake, na ningependa angenikumbusha. Alichagua bapa refu kuliko yote manne, akalilaza sakafuni, akachora upinde wake kwa chaki, halafu akachora mstari wa pili juu yake, umeongezwa kidogo katikati. "Hili limechoka," akasema, "tumrudishie ujana wake." Nikauliza kama tuwashe moto. Moto hapana, unaua chuma. Alilifungua springi jipya la kulia, akachukua bapa moja moja juu ya kipande cha reli, akapiga kwa nyundo kubwa, baridi, hatua ndogo ndogo kutoka ncha hadi ncha, analipeleka kwenye chaki, analirudisha. Mabapa kumi na moja. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, na hakuna hata moja alilolipima kwa kitu kingine zaidi ya jicho na ile chaki.

Baba alikuja na bajaji kushuhudia. Tangi limejaa. Akapanda kwenye kiti cha dereva, akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele kana kwamba Uvinza iko pale kwenye ukuta wa gereji. Nikapima kwa mkono kati ya tairi na madigadi. Kulia, kiganja na vidole viwili. Kushoto, kiganja na vidole viwili.

"Sasa pima tena," akasema, na akashuka.

Kulia kulikuwa kumeongezeka kidole.

Jana asubuhi jirani alinikuta napiga maji kioo cha mbele. Alilizunguka gari, mikono nyuma, akarudi aliposimama.

"Dada, pamoja na hela yote ile, bado limelala kushoto."

"Ndiyo," nikamwambia. Nikapanda.